Gari Lisilokwisha: Uchambuzi wa Kisa cha Mkopo, Gereji na Impreza Moja ya Mbeya

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mikopo za vyama vya akiba na mikopo, washauri wa familia, na mafundi wa magari wanaopenda kujua fedha za wateja wao hutoka wapi. Kisa ni cha kweli. Mhusika nitamwita Bwana K. Mahali pake pa kazi, kata anayoishi na idadi ya watoto wake vimeondolewa, chama chake hakitajwi, na kiasi cha fedha kimekadiriwa kwa namna isiyobadilisha uwiano wake. Bwana K na mkewe wameusoma na kuridhia utumike kufundishia. Niliingia katika shauri hili kama mshauri wa nje wakati mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeijenga kutokana na stakabadhi, daftari la gereji na maelezo ya watu wanne.

Usuli

Bwana K ni mwajiriwa wa jijini Mbeya, mtu wa makamo, mwenye mshahara wa kila mwezi na shamba la parachichi wilayani Rungwe ambalo, katika msimu mzuri, humpatia fedha zinazokaribia nusu ya mshahara wake wa mwaka mzima. Hanywi pombe, hachezi kamari, na kabla ya kisa hiki hakuwahi kuchelewesha rejesho hata moja. Nayataja haya mapema kwa sababu kamati nyingi za mikopo humpima mwombaji kwa tabia hizo tatu, na kwa vipimo hivyo Bwana K alikuwa mkopaji bora kuliko wengi.

Upendo wake kwa magari ya mbio ulianza alipokuwa shule ya sekondari mkoani Iringa, ambako mashindano ya magari hufanyika kwenye barabara za vumbi na vijana husimama kando kuyatazama. Alikuwa akijua, kama vijana wengi wa rika lake, kwamba Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 1995 akiendesha Subaru Impreza, na kwamba kampuni hiyo ilichukua ubingwa wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Alipofika umri wa kuweza kununua, alinunua Impreza WRX ya mwaka 2003, yenye injini ya lita 2 na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 250. Alilipa shilingi milioni 16 taslimu, kutoka katika akiba yake, bila kukopa. Mke wake alishirikishwa na kukubali. Hadi hapo hakuna uamuzi hata mmoja ambao ningeulaumu.

Mfuatano wa matukio

Matengenezo ya miezi ya mwanzo yalikuwa ya lazima. Mkanda wa taimingi wa injini ile hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni, hivyo fundi aliubadilisha pamoja na pampu ya maji, akaweka pedi mpya za breki na kumwaga oili. Gari lilitulia. Bwana K aliniambia kwamba siku ile alipolichukua gereji alihisi gari limezaliwa upya, na kwamba wiki mbili baadaye hisia hiyo ilikuwa imekwisha ingawa gari halikuwa na kasoro yoyote.

Hapo ndipo yalipoanza matengenezo ya aina nyingine. Kwanza zilikuja rimu za inchi 18 na matairi yenye ubavu mwembamba, kwa shilingi milioni 2.4. Rimu kubwa zilifanya gari lionekane limesimama juu mno, kwa hiyo zikafuata shokapu za kurekebishika za milioni 2.8 ili lishuke. Gari lililoshuka lilianza kukwaruza matuta yote ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, na safari za shambani, ambazo zamani zilikuwa starehe, zikawa kazi ya kutambaa kwa pembe. Bampa la mbele likapasuka, likanunuliwa jingine. Kisha ekzosi pana, milioni 1.3. Ekzosi iliongeza nguvu kidogo, na nguvu hiyo kidogo ilitosha kuifanya klachi ya zamani iteleze, kwa hiyo ikaja klachi nzito ya milioni 1.6.

Mwaka wa pili alinunua tabo kubwa zaidi. Fundi alimweleza kwa uaminifu: “Bosi, ukishaongeza hewa lazima uongeze mafuta.” Sentensi hiyo ni sahihi kabisa kitaalamu, nayo ilileta nozeli kubwa za kunyunyiza mafuta, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, na safari ya Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800, kwa ajili ya kupangwa upya programu ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye mashine ya kupima nguvu za injini. Vifaa hivyo viligharimu milioni 5.2, programu na safari, milioni 1.5. Ukijumlisha na ufundi, gari lilikuwa limekula zaidi ya milioni 16 juu ya bei yake, yaani lilinunuliwa mara ya pili bila yeyote nyumbani kujua.

Fedha zilitoka wapi? Chama kilimkopesha milioni 5 kwa maombi yaliyoandikwa “miche na pembejeo”, kisha kabla mkopo huo haujakwisha kikamwongezea hadi milioni 8 kwa maombi yaliyoandikwa “kisima cha umwagiliaji”. Wadhamini walikuwa wafanyakazi wenzake wawili. Makato yalifika mpaka wa kanuni ya theluthi moja, yaani mshahara uliobaki mkononi baada ya makato haukuweza kupungua tena kisheria. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekwenda kukiona kisima, ingawa Rungwe si mbali.

Injini ilikufa kwenye barabara ya Chunya, pale inapopanda safu ya milima ya Mbeya. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo mtego wenyewe.

Baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam, Bwana K alibadilisha kitu kimoja tu: aliondoa boksi la chujio la hewa la kiwandani na kuweka chujio la wazi lenye bomba pana zaidi. Bei yake ilikuwa ndogo, laki tatu na kidogo, na kulifunga kulichukua saa moja. Lakini katika injini hiyo kipimio cha hewa hukaa ndani ya bomba hilo na hukisia kiasi cha hewa kutokana na mwendo wake. Bomba likiwa pana, hewa ileile hupita polepole zaidi, kipimio hutoa taarifa ya hewa pungufu, na kontrol boksi humwaga mafuta pungufu. Mjini hapakuwa na dalili, kwa sababu katika mwendo wa kawaida kihisio cha oksijeni kwenye ekzosi husahihisha kosa hilo. Unapokanyaga mafuta yote mlimani, injini za namna hiyo huacha kusikiliza kihisio hicho na kufuata jedwali la mafuta lililopangwa ndani ya kontrol boksi. Jedwali lilikuwa limepangwa kwa bomba jingine, tena usawa wa bahari. Mbeya iko takriban meta 1,700 juu ya bahari, ambako msukumo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa mgandamizo uleule, ikiipasha hewa moto zaidi. Mafuta pungufu na hewa ya moto mno huifanya injini igonge, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka wenyewe ndani ya silinda. Ukuta unaoshika ringi za pistoni mojawapo ulipasuka, moshi wa bluu ukatoka, na gari likarudi mjini kwa kuvutwa.

Siku chache baadaye alijitokeza mnunuzi aliyelitaka gari hivyohivyo lilivyo kwa milioni 9. Bwana K alikataa. Badala yake alichukua milioni 4 kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile ambayo watu huiita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaongezea fedha za parachichi na kununua injini ya mtumba.

Mke wake alijua yote kupitia kwa mmoja wa wadhamini, aliyefika nyumbani jioni kuulizia rejesho lililochelewa. Kikao cha ukoo kiliitishwa. Uamuzi wake ulikuwa mwepesi: gari lisimamishwe, fundi asipigiwe simu. Kwa muda wa miezi kadhaa marufuku hiyo ilionekana kufanya kazi, hadi ilipogundulika kwamba vifurushi vya spea vilikuwa vikiendelea kuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vikipokelewa stendi ya Nane Nane na kuhifadhiwa kwa rafiki.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Niliposhirikishwa, swali la kwanza mezani lilikuwa kama gari liuzwe. Wadhamini walitaka liuzwe, na kwa hesabu tupu walikuwa na haki. Nilishauri lisiuzwe kwanza, kwa sababu mbili. Lilikuwa limefunguliwa nusu na bei yake ingekuwa ya kutupa. Na Bwana K alikuwa bado hajakiri mbele ya mtu yeyote kwamba tatizo lilikuwa kwake na si kwenye gari. Mtu wa hali hiyo akiuza gari moja hununua jingine, tena bovu zaidi, kwa kuwa bovu lina mengi ya kutengeneza.

Uamuzi wa pili ulikuwa kulipa kausha damu mara moja kabla ya deni lolote jingine. Shokapu, rimu na tabo kubwa viliuzwa kwa vijana wawili wa Iringa kwa chini ya nusu ya bei yake, na fedha zote zilipelekwa kwa mkopeshaji na mke mwenyewe. Injini ya mtumba ilifungwa na tabo yake ya kawaida, boksi la chujio la kiwandani likarudi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuandika, kwenye karatasi moja iliyosainiwa na mume, mke na fundi, maelezo ya gari lililokwisha. Mke ndiye aliyetoa wazo hilo bila kukusudia, alipouliza kwenye kikao: “Baba watoto, hili gari litakwisha lini?” Hakujibiwa, na kimya kile kilinieleza zaidi kuliko stakabadhi zote. Karatasi ilisema gari limekwisha likiweza kwenda Dar es Salaam na kurudi bila kuongezewa oili njiani, likipita matuta ya Tukuyu bila kugusa chini, na taa zote zikiwaka. Kisha ilisema kwamba kifaa chochote kisichotokana na kuharibika kwa kilichopo kitasubiri hadi mavuno ya parachichi yanayofuata, na kwamba mke atasaini.

Uamuzi wa nne ulimhusu fundi. Hadi wakati ule fundi alilipwa alipofunga kitu. Alipokagua gari na kukuta halina tatizo, hakupata hata senti. Tulikubaliana alipwe ada ndogo kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya ukaguzi, kifungwe kitu au kisifungwe.

Matokeo

Kausha damu ililipwa. Mkopo wa chama uliandikwa upya kwa muda mrefu zaidi, na marejesho yamekuwa yakitoka kwa wakati tangu hapo, ila mdhamini mmoja alijiondoa na uhusiano wao haujarudi. Gari linatembea na limekwenda Dar es Salaam na kurudi. Mara moja mkataba ulivunjwa: Bwana K alinunua viti vya mbio vya mtumba, akavifunga yeye mwenyewe nyumbani ili fundi asijue. Mke alivikuta, akaviorodhesha kwenye karatasi kama kifaa cha mavuno yaliyofuata, na msimu huo hakuna kingine kilichonunuliwa. Niliona alichofanya kuwa cha busara kuliko lolote nililoshauri mimi.

Hasara ambayo haikurudi ni kama milioni 20, ukiweka riba. Miche iliyotajwa kwenye maombi ya mkopo haikupandwa, na parachichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo hasara halisi ya shamba itaonekana baadaye.

Uchambuzi

Ni rahisi kumaliza shauri kama hili kwa kusema mtu alikosa nidhamu. Daftari la gereji halikubali maelezo hayo. Ukilisoma mstari kwa mstari, karibu kila kifaa kina sababu ya kweli ndani ya kifaa kilichotangulia: ekzosi ilifichua klachi, tabo ikafichua nozeli, nozeli zikafichua pampu, na kama injini isingekufa, gia boksi ya gia tano ya gari lile, ambayo inajulikana kuvunjika mapema nguvu zinapozidi, ingekuwa zamu yake. Watengenezaji huunda gari kwa uwiano. Nguvu ya injini, breki, klachi na upoaji huwekwa katika kiwango kimoja. Anayeinua kimoja anakuwa amekiharibu kingine ambacho jana kilikuwa kizima. Kwa hiyo Bwana K hakuwa akijidanganya alipomwambia mkewe kwamba kifaa hiki “lazima”. Kilikuwa lazima. Kilichokosekana ni mahali ambapo ulazima huo ungekoma, na mahali hapo hapawezi kupatikana ndani ya gari, hata kwa fundi bora, kwa sababu uwiano uliovunjwa huhama tu kutoka kifaa hadi kifaa.

Kuna upande wa pili, ambao ni wa moyo. Nilimuuliza ni saa gani hasa alifurahi zaidi. Hakutaja kuendesha. Alitaja muda kati ya kutuma fedha na kupigiwa simu kwamba kifurushi kimefika stendi. Wanasayansi wa ubongo wana maelezo ya hali inayofanana na hiyo: kazi ya Wolfram Schultz na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1997, ilionyesha kwamba chembe za ubongo zinazotoa dopamini, zikishazoea, huitikia dalili ya zawadi kabla ya zawadi yenyewe, na zawadi iliyotarajiwa inapofika hutulia. Majaribio yale yalifanywa kwa nyani, na mtu na gari lake ni jambo pana zaidi. Hata hivyo yanasaidia kueleza kwa nini kifaa kilichokwisha kufungwa kilipoteza utamu, na kwa nini marufuku ya ukoo ilishindwa. Marufuku ilizuia kufunga. Kusubiri kifurushi kuliendelea, tena sasa kwa siri, jambo ambalo kwa maelezo yake mwenyewe liliongeza ladha.

Kukataa milioni 9 kunahitaji neno lake. Bwana K alisema: “Nimeshaweka thelathini na mbili.” Hal Arkes na Catherine Blumer waliandika mwaka 1985 juu ya mwelekeo huu wa watu kuendelea na jambo kwa sababu ya gharama iliyokwisha kutumika. Milioni 32 zilikuwa zimekwenda, auze au asiuze. Swali lililobaki lilikuwa kama milioni 9 mkononi zilizidi thamani ya gari bovu pamoja na deni jipya, na jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Je, hii ni maradhi? Sikushauri iitwe hivyo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua kamari na michezo ya kompyuta kama tabia zinazoweza kuwa uraibu wa kitabibu. Kutengeneza gari hakumo. Lakini alama nilizoziona zinafanana: kiasi kupanda, kuficha, kukopa ili kufidia, na kuendelea baada ya madhara kuonekana. Mshauri anayekutana na alama hizo pamoja na kukosa usingizi au mawazo ya kujidhuru anapaswa kumpeleka mhusika hospitalini bila kungoja. Kwa Bwana K hazikuwapo.

Kuhusu chama: maombi mawili yalisomwa kama maombi mawili tofauti ya kilimo. Mtu mwenye shamba linalolipa ambaye anakopa mara mbili kwa ajili ya shamba hilo, na mavuno yake hayaongezeki, ameshatoa taarifa ya kutosha kwa anayetaka kuisoma. Kutazama stakabadhi za miche kungechukua dakika tano. Nimeona kamati zikitumia muda mrefu zaidi kujadili kama saini ya mdhamini inafanana na ya kitambulisho.

Katika yote yaliyofanyika, malipo ya ukaguzi ndiyo niliyoyategemea kidogo kabisa, na ndiyo yaliyobadilisha mambo zaidi. Fundi yule hakuwa mlaghai. Alimpenda mteja wake na alimwambia kweli za kiufundi siku zote. Ila mfumo ulimlipa kwa kila “ongeza” na kumnyima kwa kila “acha”. Alipoanza kulipwa kwa kusema gari ni zima, Bwana K alipata, kwa mara ya kwanza, mtu anayemheshimu ambaye alimwambia kwamba hakuna cha kufanya. Maneno hayohayo kutoka kwa mke na shemeji yalikuwa yameshindwa.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba karatasi imefungwa na deni. Mkopo wa chama ukiisha, saini ya mke kwa kila kifaa haitakuwa tena sharti la mtu yeyote, na mshahara utarudi mzima. Nimependekeza karatasi isainiwe upya bila kutaja mkopo. Mke amekubali, fundi amekubali kwa sharti kwamba ada ipande kidogo, na Bwana K ameomba, kabla hajasaini, iongezwe ibara inayoruhusu rejeta kubwa zaidi.